Je, daktari wa mifupa lazima awe na mwili wa baunsa?

Mwanafunzi wa kike wa udaktari akitamka kwamba anataka kubobea kwenye mifupa, swali la kwanza halihusu alama zake. "Dada, paja la mtu mzima utaliweza wewe?" Mvulana mwembamba naye haponi: ataelekezwa kwenye macho au ngozi, huko kwenye kazi nyepesi. Anayepigwa bega na kuambiwa "wewe kazi hii umezaliwa nayo" ni yule mwenye kifua cha mbeba magunia wa Kariakoo, hata kama bisibisi hajawahi kuishika.

Swali lenyewe si la kipuuzi. Simama nje ya chumba cha upasuaji siku mgonjwa anabadilishiwa nyonga, utadhani uko karakana: nyundo, msumeno, drili. Juu ya meza ya muuguzi zimepangwa patasi, koleo, skrubu za kila urefu na plati za chuma. Madaktari wa idara nyingine huwaita wenzao hawa maseremala, nao hucheka huku wakiagiza nyundo kubwa zaidi. Kazi ina jasho, hilo halina ubishi. Linalonisumbua ni hesabu inayopigwa baada ya kuliona jasho hilo, kwamba basi mwenye misuli mingi ndiye atakayeifanya vizuri.

Tuanze na kinachovutwa. Mfupa uliovunjika wenyewe hauna ubishi. Vipande vyake vinaweza kukaa popote vitakapowekwa. Kinachobisha ni nyama iliyouzunguka. Misuli ya paja ni miongoni mwa misuli yenye nguvu kuliko yote mwilini, kwa sababu kazi yake ni kukuinua wewe na mzigo wako ngazi baada ya ngazi. Nguzo iliyokuwa inaitanua ikikatika, misuli hiyo inajikaza kwa maumivu, kipande kimoja cha mfupa kinapanda ubavuni mwa kingine, na mguu unafupika kwa sentimita kadhaa. Daktari akiushika na kuuvuta, anashindana na misuli iliyoumbwa kubeba mwili mzima, na yeye ana mikono miwili tu. Hapo tofauti ya baunsa na mtu wa kawaida ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Wote wawili wanashindwa, mmoja anachelewa kidogo.

Waganga wa kale walilijua hili. Katika maandishi yaliyopewa jina la Hipokrati, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, kuna maelezo ya benchi la kurudishia mifupa: mgonjwa anafungwa kamba juu na chini, kila upande kuna gogo la kuzungushwa kwa wenzo, na kamba zinakazwa taratibu. Yeyote aliyewahi kuona tanga la jahazi likipandishwa kwa roda ataelewa mara moja. Hata njia yake ya kurudisha bega, ya kutia kisigino kwenye kwapa la mgonjwa huku ukivuta mkono, ilimfanya mganga atumie mguu na uzito wa mwili wake badala ya misuli ya mikono.

Lakini sifa ya misuli ilibaki, na ilikuwa na sababu. London ya mwaka 1736 ilikuwa na gumzo juu ya mwunga mifupa mmoja kutoka mji wa Epsom, Sarah Mapp. Mwanamke. Tena mnene na mwenye nguvu za kusimuliwa, aliyekuwa akiingia mjini kwa gari la farasi wanne kuwatibu watu kwenye mkahawa, na madaktari wasomi wakinung'unika pembeni. Mchoraji William Hogarth alimchora mwaka huohuo akiwa juu kabisa ya kundi la matabibu, ameshika mfupa kama fimbo ya kifalme. Kwa hiyo anayedai kwamba mifupa tangu enzi ilikuwa kazi ya wanaume, na amtafute mama huyu kwanza.

Karne iliyofuata ilikuwa na Robert Liston, Mskoti mwenye urefu wa zaidi ya futi sita, aliyesifika kwa kukata mguu kwa kasi ya kutisha. Kasi na nguvu wakati huo vilikuwa ndiyo huruma yenyewe, maana mgonjwa alikuwa macho. Wanaume kadhaa walimbana mezani, daktari akakata, basi. Daktari mwenye mkono mlegevu alirefusha mateso. Picha ya daktari wa mifupa kama fahali ilizaliwa katika mazingira hayo, na kwa wakati huo ilikuwa picha ya haki kabisa.

Kisha ikaja etha, dawa ya kumlaza mgonjwa usingizi. Oktoba 16, 1846 ilionyeshwa hadharani mjini Boston, na Desemba 21 mwaka huohuo Liston mwenyewe alikata mguu wa mgonjwa aliyelala usingizi London. Haja ya kasi ikaanza kuondoka. Haja ya nguvu ilichukua muda zaidi, kwa sababu nusukaputi ya zamani iliondoa maumivu ila misuli haikulegea vya kutosha mpaka mgonjwa azamishwe usingizini kwa kina cha hatari. Januari 1942, huko Montreal, Harold Griffith na mwenzake Enid Johnson walimchoma mgonjwa dawa iliyotokana na kurare, ile sumu ya mishale ya watu wa Amerika Kusini, na misuli ikalegea kama kamba iliyofunguliwa. Tangu hapo mtu anayeamua kwa kiasi kikubwa kama paja litavutika au halitavutika ni mtaalamu wa usingizi, aliyekaa kichwani pa mgonjwa na sindano yake. Nimeona daktari mwenye mwili mkubwa akivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, kisha akasikia sauti tulivu nyuma ya pazia: "Subiri dakika mbili, dawa haijashika." Baada ya dakika mbili mguu ulikuja wenyewe.

Kitu cha pili kinachopunguza haja ya misuli ni muda, na hapa mfano mzuri uko jikoni. Unga wa chapati ukishaukanda tu na kuanza kuusukuma, unavutika kisha unarudi, utadhani una kiburi. Ufunike nusu saa, halafu usukume. Unga ni uleule, mkono ni uleule, lakini sasa unatii. Nyama ya mwili nayo ina tabia ya namna hiyo: ikivutwa kwa ghafla inakaza, ikivutwa kwa nguvu ndogo isiyokatika inalegea na kurefuka kidogo kidogo. Ndiyo maana kwenye wodi za mifupa utamkuta mgonjwa mguu umening'inizwa kwa kamba, roda na kilo chache za uzito pembeni mwa kitanda. Uzito ule hauna misuli, lakini hauchoki wala hauendi kunywa chai. Bega lililoteguka linaweza kurudishwa kwa njia hiyohiyo: mgonjwa analala kifudifudi, mkono unaning'inia na kilo kadhaa zimefungwa kwenye kifundo, na baada ya robo saa hivi bega mara nyingi linaingia lenyewe. Njia hii inaitwa ya Stimson, nayo ina umri wa zaidi ya karne moja.

Cha tatu ni wenzo, na sehemu inayoonyesha wenzo vizuri kuliko zote ni nyonga iliyoteguka. Hii ni dharura: kichwa cha mfupa wa paja kikikaa nje ya tundu lake kwa saa nyingi, damu inayokilisha inaweza kukatika na mfupa ukafa, kwa hiyo wengi hufundishwa kuirudisha ndani ya saa sita. Njia ya zamani, ya Allis, ndiyo iliyowatisha wanafunzi wengi. Mgonjwa amelala chali, msaidizi ameegemea kiuno chake, daktari amepanda juu ya kitanda, amesimama, ameukunja mguu wa mgonjwa na kuuvuta kwenda juu kwa mikono na mgongo wake. Migongo imeumia kwa njia hii, na ukiwa kando unaomba tu kitanda kisiteleze.

Mwaka 2011 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu njia nyingine waliyoipa jina la Captain Morgan, kwa sababu anayeifanya anasimama kama yule nahodha kwenye chupa ya pombe, mguu mmoja juu ya pipa. Kiuno cha mgonjwa kinafungwa kwa mkanda kwenye kitanda. Daktari anaweka mguu wake mmoja juu ya kitanda, goti lake likikaa chini ya goti la mgonjwa lililokunjwa, na mkono mmoja unashika kifundo cha mgonjwa kukizuia kisipande. Kisha anachuchumia. Basi. Anainua kisigino chake, goti lake linapanda, na paja la mgonjwa linapanda nalo.

Ukitaka kuelewa kwa nini inafanya kazi, simama hapo ulipo, chuchumia kwa mguu mmoja kama unayetafuta sukari kwenye rafu ya juu. Umeinua mwili wako mzima kwa shavu la mguu mmoja, pengine bila hata kuguna. Mwanamke wa kilo 55 amenyanyua kilo 55. Sasa jaribu kunyanyua uzito huohuo kwa mikono iliyonyooshwa mbele yako. Mwili ni uleule, kilichobadilika ni misuli ipi inafanya kazi na iko umbali gani kutoka kwenye mzigo.

Mpaka hapa ungeweza kusema nguvu ni ziada tu, ukiwa nayo sawa, ukiikosa sawa. Mimi naenda mbali kidogo: kuna sehemu za kazi hii ambako nguvu ni hatari. Skrubu ni mfano. Mfupa si mninga. Skrubu ikishakaa, inashikilia kwa nyuzi ilizojichongea yenyewe kwenye mfupa, na ukiizungusha robo zaidi ya inavyotakiwa, nyuzi zinakatika na skrubu inazunguka bure kama bisibisi ndani ya uji. Kwa bibi wa miaka 80 ambaye mifupa yake imepungukiwa madini, robo hiyo ni ndogo mno. Ndiyo maana wakufunzi huwaambia wanaojifunza wakaze kwa vidole viwili, wala si kwa ngumi, na baadhi ya bisibisi hutengenezwa zikikatiza zenyewe nguvu ikifika kiwango.

Drili ni hivyohivyo. Mfupa mrefu una ukuta wa huku na ukuta wa kule, katikati uboho. Anayeisukuma drili kwa uzito wa mwili wake akitoboa ukuta wa pili anachomoka nayo upande wa nyuma, na nyuma ya goti, kwa mfano, kuna mshipa mkubwa wa damu unaosubiri. Anayeachia bila kusukuma kabisa naye anakaa muda mrefu mno mahali pamoja na kuuchoma mfupa. Joto la nyuzi 47 kwa dakika moja tu linatosha kuudhuru. Kati ya hao wawili kuna mkono unaosikiliza.

Kusikiliza kwenyewe ni kwa kweli. Wakati wa kubadilisha nyonga, chuma cha kuchonga nafasi kinagongwa kwa nyundo ndani ya mfupa wa paja. Mwanzoni mlio ni mzito, wa kitu kinachozama. Kila pigo kinashuka kidogo. Kisha, ghafla, mlio unabadilika, unakuwa mkavu na wa juu, na chuma hakishuki tena. Daktari mzoefu anasimama hapo. Anayeongeza mapigo mawili ya nguvu kwa kuwa anayo anaweza kuupasua mfupa. Hesabu ya nyundo nayo haimpendelei mnene: kasi ya nyundo ikizidi mara mbili, nishati yake inazidi mara nne, na kasi hutokana na mkono uliolegea na mzunguko mzuri wa kiwiko. Muulize fundi yeyote wa kugonga mabati.

Na wapo wagonjwa ambao nguvu haina nafasi hata ya kubisha hodi. Mtoto aliyezaliwa na mguu kifundo, nyayo zimegeukia ndani, zamani alikunjwa kwa nguvu au kupasuliwa pakubwa, na wengi wao walikua na miguu migumu yenye maumivu. Ignacio Ponseti, mzaliwa wa kisiwa cha Menorca aliyefanya kazi Iowa, Marekani, aliwafundisha madaktari kuubonyeza mguu kwa kidole gumba, polepole, kisha kuufunga hogo, na wiki inayofuata kuufungua na kusogeza tena. Hogo tano, sita, saba. Leo njia hiyo inatumika duniani kote, hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam ikiwamo. Samaki mkunje angali mbichi, wazee walishasema, na neno lenyewe linaloitaja fani hii kwa lugha za Ulaya, lililotungwa na Mfaransa Nicolas Andry mwaka 1741, linatokana na maneno ya Kigiriki ya nyoofu na mtoto.

Sasa haki itendeke kwa upande wa pili. Nguvu inahitajika, na anayekataa hajawahi kushika mguu.

Nilipokuwa kwenye intanshipu, kazi yangu ya kwanza chumba cha upasuaji ilikuwa hiyohiyo: kuushika mguu juu wakati unaoshwa kwa dawa. Mguu wa mtu mzima ni takribani sehemu moja ya sita ya uzito wake, kwa hiyo mgonjwa wa kilo 110 anakukabidhi kama kilo 18, karibu sawa na ndoo ya lita 20 iliyopungua kidogo. Mama anaibeba ndoo hiyo kichwani huku anaongea na simu. Mwambie aishike mikono imenyooka mbele, asiguse kitu, kwa dakika tano. Nilitetemeka mpaka muuguzi, sista mmoja mfupi kuliko mimi, akanisogelea. "Daktari, usimshike kama mzigo wa posta. Msogeze kifuani." Nikausogeza mguu, nikakunja magoti, kutetemeka kukaisha. Baadaye niligundua hospitali nyingine zina stendi ya kuning'iniza mguu huo, kwa hiyo kule hakuna intani anayetetemeka.

Hiyo stendi inatufikisha kwenye kiini. Kadiri vifaa vinavyopungua, ndivyo misuli inavyotakiwa kuziba pengo. Katika nchi tajiri, msumari wa ndani ya mfupa wa paja unawekwa kwa meza inayovuta mguu yenyewe, mashine ya eksirei inayoonyesha kila hatua, na drili ya betri inayopanua njia ndani ya uboho. Hospitali nyingi za kwetu hazina vyote hivyo. Mwaka 1999 daktari Mmarekani Lewis Zirkle alianzisha shirika la SIGN kwa ajili ya hali hiyo: msumari unaoweza kufungwa bila mashine ya eksirei chumbani, na njia yake inachongwa kwa mkono, kama kekee ya seremala. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, imeutumia kwa miaka mingi. Ni kifaa cha busara sana, na wahanga wa bodaboda wasiohesabika wanatembea leo kwa sababu yake. Lakini kuzungusha kekee ndani ya paja la kijana wa miaka 25, mfupa mgumu kama mpingo, kunachosha. Na kama kijana huyo amefika baada ya wiki tatu, akiwa ameanzia kwa mwunga mifupa wa kijijini, nyama imeshajikunja na mfupa umeanza kujishika vibaya. Siku kama hiyo nguvu ni mali. Pumzi ni mali zaidi, kwa sababu ni mgonjwa wa tatu na bado wapo wawili.

Kuhusu ukubwa wa mwili, mambo mengi yanayoitwa udhaifu ni vipimo vibaya. Nguvu ya mshiko inapungua mpini ukiwa mpana kuliko kiganja, na mipini mingi ilichongwa kwa kiganja cha mwanaume mkubwa. Glavu namba 6 zinaisha stoo na zile za 8 zimejaa. Aproni ya madini ya risasi ya kuzuia mionzi, yenye kilo kadhaa, ikiwa kubwa mno inaning'inia mabegani na kuacha kwapa wazi, mahali ambapo mwanamke angetaka sana pafunikwe. Wanaume wafupi wanayajua haya vilevile, ila huwa hawaulizwi kuhusu paja.

Tofauti ya wastani ipo, na hakuna faida ya kuificha: nguvu ya mshiko wa mwanamke kwa kawaida ni kama theluthi mbili ya ile ya mwanaume, au pungufu kidogo. Watafiti Waingereza waliwahi kuupima utani wa kwamba daktari wa mifupa ana nguvu za fahali na nusu ya akili yake. Katika toleo la Krismasi la 2011 la jarida la BMJ, walilinganisha madaktari wa mifupa na madaktari wa usingizi. Wa mifupa walibana kilo 47 kwa wastani, wa usingizi 44, na kwenye mtihani wa akili wa mifupa wakashinda pia, 105 kwa 98. Ulikuwa utani wa sikukuu, lakini angalia kilo zenyewe: tatu tu. Na angalia nani walipimwa. Wote walikuwa wanaume.

Marekani, ambako wanawake walivuka nusu ya wanafunzi wa udaktari mwaka 2019, madaktari wa mifupa wanawake bado hawajafika hata mmoja kwa kumi. Ruth Jackson alipita mtihani wa bodi yao mwaka 1937, wa kwanza, kabla hata ya dawa za kulegeza misuli kuingia kwenye usingizi. Na utafiti mkubwa wa Ontario, Kanada, uliochapishwa 2017 ukihusisha wagonjwa zaidi ya 100,000 wa upasuaji wa aina 25, uliona vifo ndani ya siku 30 vikiwa pungufu kidogo kwa waliopasuliwa na wanawake. Tofauti ilikuwa ndogo na sababu zake zinajadiliwa. Sitaitumia kama rungu. Inatosha kusema kwamba wagonjwa wa madaktari hao hawakulipia ukosefu wa misuli.

Kwenye kona ya vyumba vingi vya upasuaji kuna kisimamio kifupi cha chuma chenye mpira juu. Daktari mfupi akiingia, amenawa na mikono iko juu, hawezi kukigusa. Sista anakisukuma kwa mguu mpaka pembeni mwa meza bila kuambiwa. Daktari anapanda, viwiko vyake vinafika usawa wa nyonga ya mgonjwa, ananyoosha mkono pembeni bila kugeuka, na nyundo inawekwa kiganjani.